Ini halisafishwi kwa limao, linalindwa kuanzia stoo ya mahindi

Kama uko kwenye magrupu ya WhatsApp ya familia au unazunguka TikTok usiku, hii ya kusafisha ini na mfuko wa nyongo lazima umeshakutana nayo. Unakunywa juisi ya tufaha siku kadhaa, siku ya mwisho kuanzia mchana huli kitu, jioni unakunywa chumvi ya haluli, halafu kabla ya kulala unashusha nusu kikombe cha mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na maji ya limao, unalalia ubavu wa kulia, asubuhi ukienda chooni vinatoka vijiwe vya kijani, unavichuja, unavipiga picha, unavirusha kwenye grupu. Shangazi yangu alinitumia picha ya vya kwake na swali moja tu, je mwanangu, ile tarehe ya upasuaji niifute? Chini ya klipu za namna hii watu wamegawanyika kambi mbili, kuna wanaoapa kwamba limao limewaokoa na kisu, na kuna wanaowajibu kwamba ini halina habari na chakula, nendeni hospitali muache ushamba. Mimi naona kambi zote mbili zimelipotosha jambo. Ini na nyongo vinalindwa sana na chakula na namna tunavyoishi, hilo ni kweli kabisa, lakini kazi hiyo haifanyiki kwa kunywa kitu cha kusafisha. Inafanyika kwenye stoo ya mahindi, kwenye kiuno, kwenye chupa ya soda na kwenye kadi ya chanjo ya mtoto, na muda wote tunaobishana kuhusu limao ni muda ambao hayo mengine hayazungumzwi.

Tuanze na ini lenyewe. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na damu inayotoka kwenye utumbo inapita hapo kwanza kabla ya kwenda kwingine. Watu wengi wanalifikiria kama chujio la maji ambalo linajaa tope na inabidi mtu alisukutue kila baada ya muda, na picha hiyo ndo inayouza dawa zote hizi. Ini halifanyi kazi hivyo. Sumu ikifika pale inabadilishwa kikemia mpaka iwe kitu kinachoweza kutoka na mkojo au na nyongo, haiwekwi pembeni ikisubiri haluli. Na nyongo yenyewe ini linaitengeneza kila siku, nusu lita mpaka lita nzima, mfuko wa nyongo unatunza kidogo tu, mililita 30 hadi 50, unaikamua ukila chakula chenye mafuta. Kinachoharibu ini ni seli zake kujaa mafuta, au kushambuliwa na virusi, au kupigwa na pombe, au na sumu iliyoingia na chakula na dawa, zinakufa kidogo kidogo na mahali pake panakaa kovu, miaka inapita, siku moja tumbo linajaa maji au macho yanakuwa ya njano ndo mtu anashtuka. Hakuna hapo kitu cha kusukutua.

Sasa hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wasafishaji ni ile ya macho, kwamba mawe nimeyaona mwenyewe yametoka, utaniambia nini. Ni hoja ya haki na inastahili jibu badala ya kuchekwa. Jibu lipo tangu 2005, jarida la kitabibu la Lancet lilipochapisha barua ya madaktari wa New Zealand waliompokea mwanamke wa miaka 40 aliyekuwa amefanya hivi hivi, juisi ya tufaha, mafuta ya zeituni, limao, akaja na vijiwe vyake kavitunza kwenye friza. Wakavipima maabara. Havikuwa na kolesteroli, havikuwa na kalsiamu, havikuwa na bilirubini, yaani vile vitu ambavyo mawe halisi ya nyongo yanatengenezwa navyo. Robo tatu yake ilikuwa ni asidi za mafuta, na vilipowekwa kwenye joto la digrii 40 kwa dakika kumi vikayeyuka vikawa mafuta ya kijani. Kumbe ilikuwa ni sabuni. Mafuta ya zeituni yakivunjwavunjwa tumboni halafu yakikutana na potasiamu iliyoko kwenye limao yanagandamana, yanakuwa vidonge, yanapita. Ndo maana hata mtu ambaye hana jiwe hata moja, au aliyeshatolewa mfuko wa nyongo, akinywa mchanganyiko ule anaweza kutoa vijiwe vizuri kabisa. Macho yaliona kitu cha kweli, ila kitu hicho kilitengenezwa usiku uleule. Kwa hiyo shangazi nilimwambia asifute tarehe, arudie kwanza utrasaundi, na mawe yake yalikuwa palepale.

Na si kwamba zoezi lenyewe halina madhara basi mtu aachwe tu. Mafuta mengi kwa mkupuo yanaubana mfuko wa nyongo kwa nguvu, na kama ndani kweli kuna mawe, dogo moja linaweza kusukumwa likakwama kwenye mrija, hapo unapata umanjano, homa, au kongosho linavimba, na kongosho likivimba unaweza kupoteza maisha. Wakati huohuo niwatendee haki wanaoogopa kisu, maana nao wana pointi ambayo madaktari wengi hawana muda wa kuieleza. Mawe mengi ya nyongo hayana dalili yoyote, mtu anayagundua kwa bahati akipimwa kitu kingine, na wengi wa watu hao hawatapata shida maisha yao yote wala hawahitaji kupasuliwa. Upasuaji ni wa yule mwenye maumivu yanayojirudia chini ya mbavu za kulia baada ya kula, au aliyeshapata matatizo kama hayo ya mrija. Mgonjwa akiambiwa tu "una mawe, tunatoa", bila kuambiwa kama yake ni ya kundi gani, ataenda kutafuta maelezo kwa anayemsikiliza, na anayemsikiliza siku hizi ni muuza juisi.

Hoja ya pili ni kwamba nilifanya detoksi nikajisikia mwepesi, tumbo likapungua, usingizi ukawa mzuri. Hii naiamini. Manake ukiangalia masharti ya hizo wiki za detoksi utakuta mtu ameambiwa asiguse soda, asiguse bia, asile chipsi, asile ugali mlima usiku, ale mboga na matunda, atembee. Hayo masharti ndo yaliyofanya kazi, sifa ikachukuliwa na chupa. Na hapa wasafishaji wamegusa jambo kubwa bila kujua, kwa sababu ini lenye mafuta sasa hivi linakadiriwa kuwapata karibu watu wazima 3 katika kila 10 duniani, wengi wao hawanywi pombe ya maana, na mwaka 2023 wataalamu waliubadilisha jina ugonjwa huo ili lionyeshe wazi kwamba unatokana na mwili kushindwa kushughulikia sukari na mafuta, ni ndugu wa kitambi, kisukari na presha. Mpaka Machi 2024 Marekani ilipoidhinisha dawa yake ya kwanza ya ugonjwa huo ukifika hatua mbaya, daktari sehemu nyingi duniani alikuwa hana kidonge chake maalumu, alikuwa anakuambia upungue uzito. Na kupungua kunafanya kazi kwa kiwango ambacho watu hawakijui. Kule Havana, Cuba, walifuatilia wagonjwa 293 kwa mwaka mmoja wakibadilisha chakula na mazoezi tu, matokeo yakachapishwa 2015, na kati ya waliopungua asilimia 10 ya uzito wao, 9 katika kila 10 uvimbe wa ini uliisha, na karibu nusu hata makovu yalirudi nyuma. Makovu! Hakuna juisi iliyowahi kuonyesha hivyo. Kwa mtu wa kilo 90 hiyo ni kilo 9, na hata kilo 4 au 5 za mwanzo tayari mafuta yanaanza kutoka kwenye ini.

Lakini kilo hizo zitoke polepole, na hapa ndo nina ugomvi mkubwa na zile programu za "kilo 10 ndani ya siku 10". Mtu akipungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, hatari ya kutengeneza mawe ya nyongo inapanda, kwa sababu ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo huku mfuko wenyewe haubanwi kwa kuwa hakuna chakula chenye mafuta kinachoingia, nyongo inatuama, inaganda. Yaani mtu anajinyima kula ili asafishe nyongo na kule kujinyima ndo kunatengeneza mawe. Wanawake wako hatarini zaidi ya wanaume, hasa waliozaa mara kadhaa, na ndo hao hao wanaolengwa na matangazo ya kupunguza kitambi cha baada ya kuzaa. Wenye siko seli nao wanapata mawe tangu utotoni kwa sababu damu yao inavunjika haraka, na mawe yao ni ya aina nyingine ambayo chakula hakiyaleti wala hakiyaondoi, hawa mtu asiwauzie chochote. Kwa wengine wote, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha, mlo uwe na mafuta kidogo yale ya kawaida, karanga, parachichi, samaki, maharage kwa wingi, mboga za majani, na cha kwanza kuondoka kiwe soda, maana nusu lita ya kola ina gramu zaidi ya 50 za sukari, ni vijiko zaidi ya 12 vya chai, na nusu ya sukari ile ni fruktosi ambayo inashughulikiwa na ini karibu yote, ikizidi inageuzwa mafuta hapohapo.

Kinywaji ambacho kina ushahidi wa maana kwa ajili ya ini hakipo kwenye hizo klipu kabisa, nacho ni kahawa. Tafiti zilizokusanywa pamoja mwaka 2016 zilionyesha kila vikombe 2 vya ziada kwa siku vinaendana na hatari ya ini kusinyaa kupungua kwa asilimia 44, na utafiti wa wanaume zaidi ya 46,000 Marekani uliochapishwa 1999 ulikuta wanaokunywa vikombe 2 hadi 3 kwa siku wanapata mawe ya nyongo yenye dalili kwa asilimia 40 chini ya wasiokunywa. Hizi ni tafiti za kufuatilia watu, hazithibitishi moja kwa moja kwamba kahawa ndo sababu, ila zimerudiwa sehemu nyingi na zinaelekea upande mmoja. Sisi ndo tunaolima, Bukoba, Mbinga, Kilimanjaro, na wazee wa Pwani wamekaa barazani miaka yote na kikombe kidogo cha kahawa chungu isiyo na sukari. Kinachonisumbua ni kile kinachouzwa pembeni ya birika, kashata ya karanga. Sukari yake ni jambo moja, karanga yenyewe ni jambo lingine, na hili la pili ndo naomba msomaji anivumilie maana nitakaa nalo.

Kuna kuvu anaota kwenye karanga na mahindi ambayo hayakukauka vizuri, anatengeneza sumu ambayo wataalamu wetu wanaiita sumukuvu, Wakenya wengi wanaijua kama aflatoksini. Haionekani kwa macho, haina harufu ya kukutahadharisha, na ukipika ugali haiondoki kwa sababu moto wa jikoni hauiwezi. Ikiingia nyingi kwa mara moja inaua ini kwa siku chache. Mwaka 2004 kule Kenya, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, waliugua watu 317 wakafa 125. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua 68 wakafa 20, walikuwa wamekula mahindi ya kawaida ya nyumbani kwao. Lakini tatizo kubwa zaidi ni ile inayoingia kidogo kidogo kila siku bila dalili, kwa sababu inasababisha saratani ya ini, na ikikutana na virusi vya homa ya ini B mtu huyohuyo, madhara hayajumlishwi, yanazidishana. Kule Shanghai walifuatilia wanaume zaidi ya 18,000, aliyekuwa na sumukuvu peke yake hatari yake ilikuwa mara 3 hivi, mwenye virusi peke yake mara 7, mwenye vyote viwili karibu mara 60. Kanda hii tuna vyote viwili. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, mjadala wote kwetu ukawa wa biashara na majirani kutuonea, karibu hakuna aliyeuliza swali la jikoni, kwamba mahindi hayohayo sisi tunayala kila siku asubuhi uji na jioni ugali.

Na hapo ndo ushauri wa "kula asili" unapohitaji akili ya ziada. Chukua dona. Kila mshauri wa lishe anakwambia acha sembe kula dona, ina nyuzinyuzi, ina virutubisho, na kwa nyuzinyuzi nakubali kabisa, zinasaidia hata nyongo. Ila sumukuvu inakaa zaidi kwenye ganda na kiini, na kukoboa kunaondoa sehemu kubwa yake, kwa hiyo dona ya mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo yakanyeshewa mara mbili inaweza kuwa mbaya kwa ini lako kuliko sembe. Dona ni nzuri ya mahindi mazuri. Yaliyovunwa yakaanikwa juu ya turubai, yakakauka mpaka unyevu ukashuka asilimia 13 hivi, yakachambuliwa yale yaliyobadilika rangi, yaliyovunjika na yaliyotobolewa na wadudu, yakahifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa kama ile ya PICS. Na yale yaliyochambuliwa yasipelekwe kwenye pombe ya kienyeji wala yasipewe ng'ombe wa maziwa, maana sumu inatoka mpaka kwenye maziwa. Ningemwambia mama yeyote anayesaga unga wa lishe wa mtoto, ule wa mahindi, karanga, soya na mtama kwa pamoja, kwamba kuchambua karanga moja moja, kutupa iliyosinyaa na yenye weusi, kunalinda ini la mtoto wake kuliko kitu chochote kinachouzwa dukani kwa jina la tiba ya ini.

Hii pia ndo inaniangushia ile hoja ambayo kwangu ni dhaifu kuliko zote, kwamba kitu kikiwa cha asili hakiwezi kudhuru. Sumukuvu ni ya asili asilimia mia, hakuna kiwanda kilichohusika. Miraa ni jani, na utafiti wa hospitali kule Harar, Ethiopia, uliochapishwa 2018 ulikuta watafunaji wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa sugu wa ini. Manjano kwenye mchuzi haina shida, lakini vidonge vya manjano iliyokolezwa pamoja na pilipili manga ili inyonywe kwa wingi, Marekani wameshaandika wagonjwa waliojeruhiwa ini navyo, na mtandao wao wa kufuatilia madhara ya dawa kwenye ini ulikuta mitishamba na virutubisho vimepanda kutoka asilimia 7 ya wagonjwa wake mwaka 2004 mpaka asilimia 20 mwaka 2014. Sisemi mitishamba ni sumu, dawa nyingi za hospitali zimetoka kwenye mimea na waganga wetu wengine wanajua vitu ambavyo maabara bado haijavigusa. Ninachosema, dawa yenye nguvu ya kuponya ina nguvu ya kudhuru, na kama chupa haisemi ndani kuna nini na kiasi gani, ini lako ndo linalofanyiwa majaribio. Watu hukimbilia huko kwa sababu zinazoeleweka, vipimo ni ghali, foleni ni ndefu, daktari ana dakika tano. Lakini ukijumlisha bei ya hizo paketi za mwezi mzima utakuta mara nyingi inazidi bei ya kupima homa ya ini B.

Na kipimo hicho ndo kimesahaulika kuliko vyote. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2024 inasema watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini B mwaka 2022, waliokuwa wanajua ni asilimia 13 tu na waliokuwa kwenye dawa ni kama asilimia 3. Afrika peke yake ilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya. Mtu anaishi na virusi hivi miaka 20 au 30 hajisikii kitu, anakunywa juisi ya kusafisha anajiona mzima, na hakuna chakula wala mmea uliothibitika kuviondoa, kinachovizuia ni dawa kama tenofovia, na bei yake ya kimataifa imeshashuka mpaka kama dola 2.4 kwa mwezi. Hapa wale wa kambi ya limao wanakosea vibaya, na hapa pia serikali zetu zina deni. Watoto wa Kenya na Tanzania wanapata chanjo hii ndani ya ile ya pamoja inayoanza wakiwa na wiki 6, ni jambo jema na limeokoa wengi, ila mtoto wa mama mwenye virusi anaweza kuambukizwa siku anayozaliwa, na kati ya wanaoambukizwa wachanga hivyo karibu 9 katika 10 wanabaki navyo maisha yote. Ndo maana WHO inataka dozi ya kwanza ndani ya saa 24, na kwa ripoti hiyohiyo ya 2024, Afrika watoto waliokuwa wanaipata walikuwa asilimia 18 tu. Kama kweli tumeamua kulipenda ini, nguvu yote hii ya mitandaoni, maelfu ya klipu na watu wenye wafuasi kuliko wizara, ielekezwe kwa mbunge na kwa waziri kudai vitu vinavyopimika: unga wa lishe usiuzwe bila kupimwa sumukuvu kwa kiwango cha Afrika Mashariki cha mikrogramu 10 kwa kilo, mama mjamzito apimwe homa ya ini B kliniki siku ileile anayopimwa VVU na kaswende, na mtoto adungwe dozi yake kabla siku yake ya kwanza haijaisha, awe amezaliwa Muhimbili au zahanati ya kijijini kule Kiteto.